Usiyadharau mate, ni mlinzi wa kinywa chako

Hebu fikiria unapita jioni nje ya Ngome ya Yesu, pale unapoingilia Mji wa Kale. Kando ya njia mchuuzi anachana embe bichi, analinyunyizia chumvi na pilipili ya unga. Hujanunua wala hujaonja, lakini kinywa kimekwisha kujaa maji na umeyameza. Huenda hata sasa, kwa kusoma maneno haya tu, umeyameza!

Hayo ndiyo mate. Katika mazungumzo yetu hayana heshima. Mwenye tamaa huambiwa ana mate ya fisi, na anayetamani cha mwenziwe huambiwa anakimezea mate. Lakini muulize mzee ambaye kinywa chake kimekauka, anayehitaji gilasi nzima ya maji ili ameze kipande cha hamri. Yeye ndiye ajuaye thamani yake.

Je, mate hutoka wapi?

Mate hutengenezwa na tezi. Zipo jozi tatu kubwa. Ya kwanza iko mbele ya masikio, upande huu na huu wa uso. Ya pili iko chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Zaidi ya hizo, kuna tezi ndogo ndogo mamia kwa mamia zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa.

Ukitaka kuhakikisha, pitisha ncha ya ulimi ndani ya shavu, mkabala wa magego ya juu. Utahisi kijinundu kidogo. Hapo ndipo mfereji wa tezi ya sikioni unapomwaga mate yake.

Kwa siku moja mtu mzima hutoa kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu. Karibu yote, yaani asilimia 99, ni maji. Asilimia moja iliyobaki ndiyo yenye maajabu: mna madini, ute, vimeng'enya na kinga za kupigana na vijidudu.

Tezi hizi hupokea amri kutoka kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ndiyo maana harufu ya mishkaki ikitosha kukufikia, mate hutoka. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate hata kabla ya kulishwa, mradi tu amezoea ishara ya kuja kwa chakula.

Hofu nayo huleta kinyume chake. Mwanafunzi aliyeitwa ghafla mbele ya darasa huhisi ulimi umegandana na kaakaa. Si uzembe wake. Mwili ukihofu, mate hupungua na kuwa mazito.

Kazi zake ni zipi?

Jaribu jambo hili pamoja na watoto mezani. Kila mmoja achukue kipande kidogo cha mkate mkavu, akitafune kwa dakika moja au mbili bila kukimeza. Kitaanza kuwa kitamu kidogo. Sababu ni kwamba kimeng'enya kilichomo kwenye mate kimeanza kuuvunja wanga na kuugeuza sukari. Kumbe chakula huanza kusagwa kinywani, kabla hakijafika tumboni!

Mate pia hulainisha tonge lisikwaruze koo, huyeyusha chakula ili ulimi uonje ladha, na hutuwezesha kusema. Wanaovaa meno ya bandia huyahitaji ili meno hayo yashike vizuri.

Lakini kazi kubwa ni ulinzi. Tunapokula kitu cha sukari, bakteria waliomo kinywani nao hula, kisha hutoa asidi inayomumunyua tabaka gumu la juu la jino. Mate huipunguza nguvu asidi hiyo na kulirudishia jino madini yake, hasa kalsiamu na fosfati. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa hadi saa nzima.

Basi anayekaa barazani na kahawa tungu, akala kipande cha halua akamaliza, huyapa mate nafasi ya kufanya kazi. Anayedonoa halua kidogo kidogo tangu alasiri hadi isha huyanyima nafasi hiyo. Kiasi cha halua huenda ni kile kile, lakini madhara si sawa.

Usiku tukilala, mate hupungua sana. Ndiyo sababu kupiga mswaki kabla ya kulala ni muhimu mno. Mtoto akilala na pipi mdomoni, au na chupa ya maziwa, meno yake hubaki bila mlinzi.

Mlinzi anapotoroka

Kinywa hukauka kwa sababu nyingi. Katika joto la kaskazi tunatoka jasho jingi, na tusipokunywa maji ya kutosha tezi hukosa cha kutoa. Kisukari kisichodhibitiwa hukausha kinywa. Baadhi ya dawa za presha, za mzio na mafua, na za msongo wa mawazo hufanya vivyo hivyo. Usiziache dawa zako kwa sababu hiyo. Mweleze daktari, naye huenda akakubadilishia.

Kisha kuna miraa na muguka. Mwezi Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilitangaza kupiga marufuku muguka, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Hayo tuwaachie mahakimu. Sisi tutazame kinywa tu. Majani hayo hukausha mate, na mtafunaji, ili apunguze uchungu, huongeza chingamu, peremende au soda. Kwa hiyo sukari inaingia saa ile ile mlinzi hayupo. Kijana anayekesha hivyo kila wikendi asishangae magego yakianza kutoboka.

Zipo pia dalili za maradhi ya tezi zenyewe. Mtoto akivimba mbele ya masikio, akapata homa na kulia anapoonja kitu kikali kama ndimu, huenda ni matubwitubwi. Ndimu huilazimisha tezi iliyovimba ikamue mate, na hapo ndipo maumivu yanapotokea. Mtu mzima anayevimba chini ya taya kila anapokula, kisha uvimbe ukashuka, huenda ana kijiwe kilichoziba mfereji. Na uvimbe wowote usioondoka, hata kama hauumi, uonyeshwe daktari.

Fanya nini?

Kunywa maji mara kwa mara. Tafuna vyakula vinavyohitaji kutafunwa, kama karoti, kwa kuwa kutafuna huziamsha tezi. Ule mswaki wa mti waliotumia wazee wetu una faida hiyo pia: husugua meno, na papo hapo huleta mate. Ukipenda chingamu, tafuta isiyo na sukari. Wafungaji wa Ramadhani wasijitaabishe kwa kutema kila mara. Wanazuoni wanasema kuyameza mate yako mwenyewe hakubatilishi saumu. Wakati wa futari na daku, maji yasisahauliwe.

Kinywa kikikauka siku moja ya joto, hilo si jambo la kutisha. Kikibaki kikavu wiki baada ya wiki, nenda kapimwe sukari na umwone daktari wa meno. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ujenzi wa kinywa, msomaji, ni ghali.