Mashine ya bunga imepasuka? Kwanza jua ni chuma gani

Hapa Manika fundi wa kusude hakosekani. Ukivunjika mguu wa toroli au fremu ya kinga, anachomelea kwa umeme na baketi ya kawaida, na siku ile ile unarudi shambani.

Lakini bodi ya mashine ya kusaga ni kitu kingine. Mara nyingi ni fonti, chuma cha kumimina. Fonti ikichomelewa ingali baridi, pale panapoguswa na moto panavimba, kwingine bado baridi. Ikipoa inajivuta, na paa! ufa mpya pembeni ya ule wa zamani. Chama kimelipa bure, na mahindi yangali kwenye mifuko.

Utaijuaje? Mwambie fundi aiguse kidogo na jiwe la umeme la kunolea. Chuma cha kawaida kinatoa cheche ndefu zenye kung'aa. Za fonti ni fupi, nyekundu.

Kama ni fonti, afadhali gesi na kijiti cha shaba ya njano. Shaba hiyo inayeyuka karibu na digrii 900, fonti haiyeyuki mpaka ipite 1100, kwa hiyo inashikishwa bila kuyeyushwa. Baketi ya nikeli nayo inafaa, ila bei ni kali. (Gesi ya karbidi? Sigara hapana, hata moja.)

Kipande chote kipashwe moto kwanza. Kazi ikiisha, kifukiwe ndani ya majivu makavu mpaka asubuhi. Fundi akishika ndoo ya maji ili kipoe haraka, mzuie.