Sura ya 6: Nusu ya Rangi Iko kwa Jogoo

Kusanya mayai ya kuku wa kienyeji kutoka maboma manne au matano kati ya Bokoli na Misikhu, huku Bungoma, uyapange kwenye trei moja, kisha uyatazame mchana kweupe. Yapo meupe, yapo ya krimu, yapo ya kahawia hafifu, na hapa na pale yapo yaliyokolea. Tofauti hizo ni kumbukumbu ya majogoo waliopita. Mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, ulipeleka majogoo wa kigeni vijijini ili wapande matetea wa nyumbani. Baadaye wakaja kuku aina ya Kuroiler kutoka India kupitia Uganda, na kienyeji walioboreshwa na watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Naivasha. Mchanganyiko huo wote umo kwenye maganda tunayoyavunja kila asubuhi bila kuyaangalia.

Mfugaji anayetaka mayai ya samawati, ya kijani au ya rangi ya zeituni anapaswa kwanza kujua rangi inavyoingia. Ganda ni kalsiamu kaboneti kwa takriban asilimia 95, na kalsiamu kaboneti ni nyeupe. Yai huchukua kama saa 25 kutoka kiini kinapoachiliwa hadi linapotagwa, na karibu saa 20 kati ya hizo hukaa kwenye tezi ya ganda. Humo ndimo rangi hutiwa, na rangi zenyewe ni mbili tu. Ya kwanza ni protoporifirini, ambayo ni ya kahawia. Hii hupakwa zaidi katika saa za mwisho, ikabaki juu juu kama rangi ya ukutani. Ya pili ni biliverdini, yenye usamawati, nayo huingia ganda linapojengwa na kulipenya lote.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Vunja yai, bandua utando mwembamba wa ndani, kisha tazama ganda kwa ndani. La kahawia litakuwa jeupe. La samawati litakuwa samawati pande zote mbili. La kijani litakuwa samawati ndani, kwa sababu ukijani ni kahawia iliyopakwa juu ya samawati. Kahawia ikikolea sana juu ya samawati, unapata zeituni.

Ganda la samawati lina hadithi inayonisisimua kila ninapoisoma upya. Huko Chile, kuku waliofugwa na Wamapuche, wanaojulikana leo kama Araucana, walitaga mayai hayo, na Mhispania Salvador Castelló aliwatangaza kwenye kongamano la dunia la kuku lililofanyika The Hague mwaka 1921. Mwaka 1933 Reginald Punnett, mwanasayansi wa Cambridge, alionyesha kwamba usamawati unarithiwa kwa jeni moja yenye nguvu: nakala moja tu, kutoka kwa baba au kwa mama, inatosha kulipa ganda rangi. Miaka 80 baadaye, mwaka 2013, chanzo chake kilijulikana. Kirusi cha kale kilijipachika kwenye kromosomu ya kwanza ya kuku, karibu na jeni iitwayo SLCO1B3, kikaiamsha ndani ya tezi ya ganda. Jambo hilo lilitokea mara mbili, kwa kuku wa Chile na kwa kuku wa China, kila upande peke yake.

Ukahawia haurithiwi kwa wepesi huo. Unatokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, kwa hiyo unasogezwa hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi. Isitoshe, hupauka: tetea akizeeka, akishtuliwa mara kwa mara au akiugua mkamba wa kuku, yai lake hutoka limefifia. Mhukumu kwa mayai yake ya mwanzo, yale ya wiki chache za kwanza, si kwa yale ya mwisho wa mkupuo.

Sasa tuje kwa jogoo. Yeye hatagi, lakini nusu ya rangi ya binti zake ni yake, na hakuna unyoya wala wimbo utakaokuambia amebeba nini. Wapo watakaokuelekeza kwenye upanga wa kichwani. Kweli, katika koo za Araucana upanga mdogo wa mistari mitatu husafiri na usamawati, kwa kuwa jeni zake ziko jirani kwenye kromosomu ileile. Lakini upanga huo umo pia kwa baadhi ya kuku wetu wa kienyeji ambao hawajawahi kutaga yai la samawati, kwa hiyo hapa Bokoli alama hiyo itakupotosha. Jogoo hujulikana kwa binti zake. Mpandishe na matetea wanaotaga krimu. Akiwa na nakala mbili za jeni ya samawati, binti zake wote watataga samawati au kijani. Akiwa na moja, takriban nusu watataga kama mama zao. Kwa jogoo mwenye nakala moja tu, uwezekano wa binti sita kutaga wote samawati au kijani ni 1 kati ya 64. Wakitaga hivyo wote sita, unaweza kumwamini.

Hesabu hii huharibiwa na kitu kimoja kila kijiji: majogoo wanaozurura. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili hadi tatu. Ukimfungia leo na jogoo wako, vifaranga wa wiki hii wanaweza kuwa wa jogoo wa jirani. Kwa hiyo mtenge wiki tatu kamili, mayai yake yaliwe au yauzwe, ndipo umtilie jogoo uliyemchagua. Banda dogo la mabati na waya linatosha. Kisha tia alama kila yai la kuatamiwa kwa penseli, na kila kifaranga kwa pete ya mguuni, la sivyo miezi sita baadaye, tembe watakapoanza kutaga, hutajua nani ni binti wa nani.

Njia ya zeituni ni hii. Jogoo wa nakala mbili za samawati apande matetea wa kahawia iliyokolea, wa ukoo wa Marans au Welsummer ukiwapata, au wale wa kwako wanaotaga kahawia nzito kuliko wote. Binti wote watataga kijani. Wapandishe hao na jogoo wa ukoo wa kahawia: nusu ya wajukuu watataga zeituni nzito, nusu kahawia. Ukipandisha kijani kwa kijani, robo watakosa usamawati kabisa. Kuhusu kupata jogoo wa kwanza, mayai ya kutotolesha kutoka nje ya nchi yanahitaji kibali cha idara ya mifugo, na mfugaji mwenye subira hutafuta kwanza wenzake waliokwisha kuwa na ukoo huo nchini.

Hofu yangu kubwa kwa yeyote anayeanza ni kideri. Ugonjwa huo unaweza kumaliza boma zima katika wiki moja na kufuta kazi ya miaka minne. Chanja kwa ratiba, na kila kizazi kipya peleka mayai machache yaatamiwe kwa shemeji au shangazi anayeishi mbali, Kimilili au Kitale, ili ukoo usiwe mahali pamoja. Mayai hayo yakitotolewa huko, una pia jogoo wa kubadilishana pindi wako wanapoanza kuzaana ndugu kwa ndugu.

Rangi ya ganda haibadilishi ladha wala lishe. Kiini cha manjano, ambacho mnunuzi wa kienyeji hukitafuta, hutokana na chakula. Mahindi yetu ya Bungoma na Trans Nzoia ni meupe na hayana rangi hiyo, kwa hiyo kuku aliyefungiwa na kulishwa mahindi matupu hutaga kiini kilichopauka hata ganda likiwa zeituni. Mpe majani ya sukuma, terere na nyasi mbichi, au mwachie achakure.

Na usipige hesabu za utajiri. Wengi tunakumbuka kware: mwaka 2013 watu walikimbilia leseni za KWS, shirika la wanyamapori, kwa ajili ya mayai yale ya madoadoa, na mwaka uliofuata bei ikaporomoka. Fuga rangi kwa kuipenda, na wauzie wanaoitafuta. Tembe wanaotaga krimu, ambao baadhi ya mipandisho itakuletea, wapeleke soko la Chwele bila wasiwasi. Huko mnunuzi anataka kienyeji, na kienyeji ndicho ulicho nacho.