Nambari ya jezi haitoshi kumpima mchezaji

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii inatufaa tunapoutazama mjadala ambao kila mwaka huwashika mashabiki wa kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na kwa mpira uliochongoka ncha mbili. Wakisubiri msimu wa vyuo vikuu uanze mwishoni mwa Agosti, mashabiki hao huhesabu siku kwa jezi. Zikibaki siku 99, hubishana ni nani aliyekuwa bora miongoni mwa wote waliowahi kuvaa nambari 99, na jina la Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago halikosi kutajwa, kwani ndiye aliyeipata kwanza tuzo ya Heisman mwaka 1935. Tuzo hiyo hupewa mchezaji bora wa vyuo vikuu kila mwaka. Zikibaki siku 98, zamu huwa ya Tom Harmon wa Michigan, mshindi wa mwaka 1940. Huendelea hivyo mpaka nambari 1, na kila orodha inayochapishwa huzaa ubishi mpya.

Wapo watakaosema kuwa huo ni mchezo wa watu waliokosa la kufanya. Kwa maoni yangu, mjadala huu una uzito kuliko unavyodhaniwa. Unamlazimisha mtu aeleze, anapomwita fulani bora, ametumia kipimo gani. Na hilo ni swali ambalo mwalimu na mwanafunzi hukutana nalo kila uchao. Isitoshe, michezo ya vyuo vikuu vya Marekani si jambo geni kwetu. Vijana wengi wa Kenya wamesomea huko kwa ufadhili wa riadha, na Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipoweka rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978.

Tuanze na hoja iliyo wazi: nambari yenyewe ni chombo kitupu. Red Grange wa Chuo Kikuu cha Illinois alivaa 77. Tarehe 18 Oktoba 1924, timu yake ilipopambana na Michigan, kijana huyo aliuvusha mpira mstari wa mwisho mara nne katika dakika 12 za kwanza, na Illinois ikashinda kwa alama 39 kwa 14. Tangu siku hiyo, 77 ikawa nambari ya heshima. Je, aliipataje? Inasimuliwa kwamba alipoulizwa alijibu kuwa aliyemtangulia kwenye foleni alipewa 76, na aliyemfuata akapewa 78. Nambari aliipewa na foleni. Sifa akaichuma kwa miguu yake.

Sasa tuingie katika ubishi wenyewe. Nambari inayowagawa mashabiki kuliko nyingi ni 34. Wakimbiza mpira watatu walioivaa walitunukiwa Heisman: Herschel Walker wa Georgia mwaka 1982, Bo Jackson wa Auburn mwaka 1985, na Ricky Williams wa Texas mwaka 1998. Nani bora kati yao?

Anayeangalia jumla atamchagua Williams, aliyekimbia na mpira yadi 6,279, rekodi ya vyuo vikuu kwa wakati huo. Walker alikimbia yadi 5,259 na Jackson 4,303. Lakini hebu tubadilishe kipimo. Williams alipewa mpira mara 1,011, Walker mara 994, ilhali Jackson alipewa mara 650 tu. Tukigawanya, Jackson anaongoza kwa wastani wa yadi 6.6 kila alipokimbia, Williams anafuata kwa 6.2, na Walker ana 5.3. Je, mambo yameisha? Hata kidogo. Walker alicheza misimu mitatu, na wenzake wanne. Tukigawanya kwa msimu, Walker anapata zaidi ya yadi 1,750, Williams hafiki 1,600, na Jackson anabaki karibu na 1,075. Juu ya hayo, katika msimu wake wa kwanza, wa 1980, Walker aliisaidia Georgia kutwaa ubingwa wa taifa bila kushindwa mchezo hata mmoja.

Wachezaji ni watatu, vipimo ni vitatu, na kila kipimo kimetoa mshindi wake. Hakuna aliyedanganya katika hesabu hizo. Aliyechagua kipimo ndiye aliyechagua mshindi, na mara nyingi alikuwa amekwisha kumpenda mshindi huyo kabla hajashika kalamu. Kwa hivyo anayetaka tumwamini sharti atuambie kwanza kwa nini amechagua kipimo hicho na kuviacha vingine. Mimi ningemchagua Walker, kwa kuwa nathamini zaidi alichokitenda mtu katika muda aliopewa. Asiyeafiki ana haki yake, mradi naye aitoe sababu.

Takwimu pia huzaliwa na kanuni za wakati wake. Kwa miaka mingi, hadi 1972, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kuu ya chuo, hivyo nyota wengi wa kale walikuwa na misimu mitatu pekee. Kabla ya 2002, michezo ya fainali za mwisho wa msimu haikuhesabiwa katika jumla rasmi ya mchezaji. Anayemlinganisha mchezaji wa 1956 na wa 2016 bila kuyakumbuka hayo anapima kwa pishi mbili tofauti.

Hata hivyo, kanuni za uwanjani si kitu zikilinganishwa na kanuni za rangi. Chuo Kikuu cha Georgia kiliwapokea wanafunzi wake wa kwanza Weusi mwaka 1961. Walker akazaliwa mwaka uliofuata katika jimbo hilohilo. Texas ilitwaa ubingwa wa 1969 bila Mweusi hata mmoja katika kikosi chake kikuu, na Julius Whittier ndiye aliyeuvunja mwiko huo mwaka 1970. Miaka saba baadaye, Earl Campbell, Mweusi aliyevaa nambari 20, aliipa Texas tuzo yake ya kwanza ya Heisman. Jiulize, msomaji, ni wangapi wa kabla yao ambao wangeweza kuitukuza nambari 20 au 34 lakini lango lilifungwa usoni pao? Anayemtafuta bora wa nambari yoyote katika vyuo vya kusini kabla ya miaka hiyo anachagua kutoka kundi lililochujwa kwa rangi ya ngozi.

Waliofungiwa lango hawakukaa bure. Wengi walivichezea vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Weusi, kama vile Grambling, Florida A&M na Jackson State. Walter Payton, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wakimbiza mpira mashuhuri kabisa wa ligi ya kulipwa, alivaa 34 pale Jackson State, Mississippi, kuanzia 1971. Orodha ya nambari 34 inayovitazama vyuo vikubwa peke yake humwacha nje mtu kama huyo, kisha ikajiita kamili.

Kwa upande wa kaskazini, hakuna nambari yenye historia nzito kama 44 ya Chuo Kikuu cha Syracuse. Jim Brown aliivaa hadi 1956. Alipofika chuoni, hakuwa amepewa ufadhili. Wakili mmoja aliyewahi kusoma hapo alichangisha fedha za kumlipia. Mwaka 1956, dhidi ya Colgate, Brown huyohuyo alifunga alama 43 peke yake. Baada yake ikaja zamu ya Ernie Davis, aliyeisaidia Syracuse kutwaa ubingwa wa 1959, na mwaka 1961 akawa Mweusi wa kwanza kuipata Heisman. Mwaka uliofuata aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alifariki Mei 1963, akiwa na umri wa miaka 23, bila kucheza mchezo hata mmoja wa ligi ya kulipwa. Floyd Little, ambaye Davis mwenyewe alikuwa amemshawishi ajiunge na Syracuse, ndiye aliyeirithi nambari hiyo.

Nani bora kati ya hao watatu? Kwa takwimu, ubishi unaweza kukesha. Lakini 44 haikutukuzwa na mmoja wao. Ilipokezwa mkono kwa mkono kama kijiti cha mbio, na kila aliyeipokea alijua ilikotoka. Chuo hicho kiliistaafisha mwaka 2005, na hata msimbo wake wa posta huishia kwa 44. Chuo cha LSU kule Louisiana kimefuata njia nyingine: tangu 2003, nambari 18 imekuwa ikirithishwa kwa mchezaji anayesifika kwa mwenendo mwema na uongozi. Mimi naipenda njia hii ya pili. Nambari iliyotundikwa ukutani hukumbusha, lakini nambari iliyo mgongoni mwa kijana humfunza.

Kuna kosa jingine katika orodha hizi. Husheheni majina ya wanaoushika mpira, huku wazuiaji wanaowafungulia njia, wavaao nambari za kati ya 50 na 79, wakitajwa kwa haraka. Tangu 1935, hakuna mzuiaji wa aina hiyo aliyewahi kuipata Heisman. John Hicks wa Ohio State aliikaribia mwaka 1973 alipomaliza wa pili, na Orlando Pace wa chuo hichohicho, aliyevaa 75, alimaliza wa nne mwaka 1996. Mzuiaji hana yadi za kuhesabiwa. Kazi yake huonekana katika yadi za mwenzake. Je, kisichohesabika hakina thamani?

Jibu tunalipata katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Tarehe 2 Januari 1922, timu yake ilipokuwa ikipambana na Centre College mjini Dallas, wachezaji waliumia mmoja baada ya mwingine, hata kocha akahofia kuishiwa. Alimwita E. King Gill, mwanafunzi aliyekuwa jukwaani. Gill akavaa sare na kusimama kando ya uwanja, tayari, mpaka kipenga cha mwisho. Texas A&M ilishinda kwa alama 22 kwa 14, na Gill hakuingia uwanjani hata dakika moja. Lakini ndiye anayeheshimiwa kama mchezaji wa kumi na mbili. Mpaka leo wanafunzi wa chuo hicho husimama mchezo mzima kuonyesha kuwa wako tayari, na kwa miaka mingi jezi nambari 12 imekuwa ikikabidhiwa mchezaji wa kujitolea. Katika orodha za mashabiki, nambari 12 hugombewa na Joe Namath wa Alabama na Roger Staubach wa Navy. Huko Texas A&M, nambari hiyo ni ya mtu asiye na takwimu yoyote.

Hatimaye, tuseme lile ambalo mashabiki hupenda kulisahau. Nambari imewahi kutumiwa kumficha mtu. Kwa miongo mingi, jezi zenye nambari za nyota wa vyuo ziliuzwa bila majina yao. Mnunuzi alijua jezi ni ya nani, na muuzaji alijua. Mchezaji hakupata hata senti, kwa kuwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, zilimtaka abaki mchezaji wa ridhaa. Watengenezaji wa michezo ya kompyuta nao waliweka wachezaji wenye nambari, kimo na nafasi zilezile, wakaacha jina tu. Mwaka 2009, Ed O'Bannon, aliyeichezea UCLA mpira wa kikapu akivaa 31, alijitambua katika mchezo wa aina hiyo, akaenda mahakamani. Mwaka 2014 mahakama iliamua kuwa NCAA ilikiuka sheria za ushindani. Tangu Julai 2021, wachezaji wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Mchezo wa kompyuta wa kandanda ya vyuo, uliokuwa umesitishwa baada ya 2013, ulirudi 2024 ukiwa na majina halisi, na kila aliyekubali kutumiwa humo alilipwa dola 600. Waliotangulia walijenga thamani ya nambari hizo, wakaondoka mikono mitupu.

Walimu wanaotafuta hoja ya mdahalo wa darasani wanaweza kuazima hii. Wawape wanafunzi takwimu za Walker, Jackson na Williams, kila kundi litetee wake, kisha kila kundi litakiwe kutaja hoja moja ya upande wa pili ambayo halikuweza kuijibu. Zoezi hilo litawafunza zaidi ya kupiga makofi.

Nanyi wanafunzi, ambao kila siku mnapewa nambari, iwe ya usajili, ya mtihani au ya nafasi darasani, kumbukeni kwamba aliyewapanga alikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kimeona baadhi ya mambo na kuyaacha mengine. Kiheshimuni, kwa kuwa kina kazi yake. Kisha kiulizeni maswali.