Mpenzi wa Ingwe Aupigia Hesabu Msimu Mpya

Kila mwaka, siku chache kabla ligi haijafunguliwa, wapenzi wa timu ya AFC Leopards huanza kusalimiana kwa namna yao. Badala ya kuulizana habari za mvua na za nyumbani, mmoja husema, "Mwaka huu ni wetu," na mwenziwe humjibu, "Wetu kabisa." Maneno haya husikika sokoni, katika vituo vya mabasi, na hata maofisini wakati wa chai. Mtu asiyetujua angedhani ya kuwa tumekwisha kuonyeshwa kombe likiwa limewekwa kabatini likitungoja.

Lakini yafaa msomaji ajue kuwa salamu hiyo ni ya zamani. Mara ya mwisho Ingwe (ndilo jina la chui katika lugha zetu za Kiluhya) kuchukua ubingwa wa ligi ya Kenya ilikuwa mwaka wa 1998. Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Hata msimu wa 2024/25 ulipokwisha, miaka 27 ilikuwa imepita, na kombe lilikuwa bado mikononi mwa watu wengine. Waliozaliwa mwaka ule wa ubingwa sasa ni watu wazima, nao wamekwisha kuwavika watoto wao fulana za buluu na nyeupe. Tumewarithisha matumaini kama vile mzee amrithishavyo mwanawe shamba asilolivuna yeye mwenyewe.

Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni madaftari na hesabu, nimeona vyema mwaka huu niiache ile salamu kidogo, nikae chini niupime msimu mpya kwa kalamu.

Kwanza, tusisahau tulikotoka, maana si timu ya jana. Klabu hii iliundwa mwaka wa 1964 kwa kuunganisha vilabu vidogo vya Waluhya, ikaitwa Abaluhya. Ikachukua ubingwa mwaka wa 1966 na tena 1967. Marehemu Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019, ndiye aliyekuwa nyota wa siku zile, na wazee wetu waliomwona huapa kwamba mpira ulimtii kama mbwa amtiivyo bwana wake. Mwaka wa 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na kwa jina hilo jipya ikachukua ubingwa miaka mitatu mfululizo: 1980, 1981 na 1982. Kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati nalo ililitwaa mwaka wa 1979, kisha 1982, 1983 na 1984, na mara nyingine tena mwaka wa 1997. Timu yenye habari kama hizi ikikaa miaka 27 bila ubingwa, lazima mtu aulize sababu.

Wengi wetu hujibu upesi: sababu ni Gor Mahia. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Gor Mahia iliundwa mwaka wa 1968 kwa kuziunganisha Luo Union na Luo Stars, na mwaka ule ule ikawa bingwa. Tangu hapo timu hizi mbili zimekuwa kama majirani wawili wenye kisima kimoja. Mwaka wa 1984 zilikutana katika fainali ya vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati, tukashinda sisi. Mwaka wa 1985 zikakutana tena katika fainali iyo hiyo, wakashinda wao. Mwaka wa 1987 Gor ilifanya jambo ambalo sisi hatujalifanya. Ilichukua Kombe la Washindi la Afrika kwa kutoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis na sare ya 1-1 hapa Nairobi, ikapewa ushindi kwa mabao ya ugenini. Ijapokuwa mimi ni mtu wa Ingwe, siwezi kuinyima sifa yake.

Pambano la timu hizi huitwa pambano la mashemeji, na jina hili si la mzaha. Huku kwetu magharibi, Waluhya na Wajaluo wameoana tangu zamani, na ng'ombe wa mahari wamevuka mpaka kwenda na kurudi mara zisizohesabika. Mimi mwenyewe nimeoa huko. Ndugu wa mke wangu ni mtu wa Gor, fulana yake ya kijani haifui kabla ya mechi kwa kuogopa kuosha bahati. Siku moja, tukiwa tumekaa nje baada ya chakula, nilijisifu kwamba msimu ukianza tutawafunga. Akacheka kwa upole, akasema, "Shemeji, nyinyi mkitufunga mara moja mnachinja kuku na kuona msimu umekwisha. Sisi mkitufunga, twarudi nyumbani kuhesabu mechi zilizobaki."

Neno hilo lilinikaa moyoni, nikalichukua mpaka kwenye daftari. Ligi Kuu ina timu 18. Kila timu hucheza mechi 34, na ushindi mmoja ni pointi tatu. Kwa hiyo pointi zote ambazo timu yaweza kuzipata ni 102. Katika hizo, mechi mbili za mashemeji ni pointi sita tu. Pointi 96 zimo katika mechi nyingine 32. Sasa tazama mwenendo wetu. Siku ya mashemeji hapana mahali pa kukanyaga. Mabasi hutoka Kakamega, Mbale na Bungoma usiku, vuvuzela na isukuti havinyamazi. Juma linalofuata, Ingwe ikicheza na timu ndogo siku ya Jumatano alasiri, waliomo jukwaani waweza kuhesabiwa na mtoto wa chekechea. Kwa pointi sita tunaleta maelfu. Kwa pointi 96 tunawaachia wachezaji peke yao.

Huenda msomaji akasema kuwa mashabiki hawafungi mabao. Ni kweli, lakini wanalipa kiingilio. Tuseme, kwa mfano tu, kiingilio ni shilingi 200. Wakija watu 500, ni shilingi 100,000, na kabla hazijamfikia mweka hazina wa klabu zimekwisha kupunguzwa na kodi ya uwanja, ulinzi na mambo mengine. Wakija watu 5,000, ni shilingi 1,000,000. Sasa wachezaji 25, kila mmoja akilipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, wanahitaji shilingi 750,000, bila nauli wala hoteli wala dawa za majeruhi. Hapo ndipo karani yeyote anaona kwamba msimu wa timu ya wananchi huamuliwa mlangoni.

Wapinzani wengine hawana shida hiyo. Polisi, ambao katika msimu wa 2024/25 walichukua ubingwa kwa mara ya kwanza chini ya mwalimu wao kutoka Burundi, Etienne Ndayiragije, wana utumishi nyuma yao. Ulinzi Stars, mabingwa wa 2003, 2004, 2005 na tena 2010, ni timu ya jeshi. Tusker ina kiwanda cha bia, KCB ina benki, Bandari ya Mombasa ina bandari yenyewe. Mchezaji wa timu ya namna hii alalapo usiku hajiulizi kama kodi ya nyumba italipwa. Mchezaji wa Ingwe amekuwa na miaka mingi ya kujiuliza, na mtu mwenye mawazo ya mwenye nyumba hawezi kukimbia dakika 90 kama mwenziwe aliyeshiba.

Hata hivyo sikubaliani na wale wasemao kwamba timu za mashirika ndizo za kudumu na za wananchi zimepitwa na wakati. Wakulima wa miwa wanaosoma haya wanaikumbuka Sony Sugar ya Awendo. Ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka wa 2006. Mwaka wa 2019 iliondolewa ligini kwa kukosa kufika mechini, maana fedha zilikuwa zimekwisha. Kiwanda kikiugua, timu yake hufa kwanza. Ingwe imepata kushushwa daraja, ikarudi Ligi Kuu mwaka wa 2009, na iliporudi ilikuta watu wake bado wapo wakiingoja. Hiyo ni mali ambayo Polisi, pamoja na kombe lao, hawajaipata bado.

Lakini mali hiyo tunaitumia vibaya. Mwaka wa 2019 kampuni ya SportPesa ilipoacha kuzifadhili timu za Kenya, Gor na Ingwe zote zilipigwa na pigo hilo hilo siku hiyo hiyo. Gor ilikaza mshipi, na msimu wa 2019/20 ulipokatizwa kwa ajili ya maradhi ya korona ilikuwa mbele, ikatangazwa bingwa. Baadaye timu hizi mbili zilipata kufungiwa na FIFA zisisajili wachezaji, kwa sababu ya madeni ya wachezaji na makocha. Tukumbuke kwamba deni la kocha aliyefukuzwa halifukuzwi pamoja naye. Kila mara tunapopiga kelele jukwaani kwamba mwalimu aondoke baada ya mechi tatu mbaya, tunaiandikia klabu hati nyingine ya deni.

Gor wenyewe ni somo zuri kwa mtu wa Ingwe, ingawa si tamu kulimeza. Wao pia walikaa bila ubingwa tangu 1995 mpaka 2013, miaka 18. Watu wakawacheka, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka zaidi. Kisha kutoka 2013 hadi 2024 wakauchukua mara tisa, wakafikisha mara 21 kwa jumla, na msimu wa 2015 wakaumaliza bila kufungwa hata mechi moja. Katika miaka hiyo ya kurudi kwao, nilichokiona mimi ni watu. Mashabiki wa Gor walianza kuifuata timu hata Mombasa na Nakuru, kwenye mechi zisizo na jina, wakati wetu walikuwa nyumbani wakisikiliza matokeo redioni.

Na wachezaji je? Hapo sina wasiwasi mkubwa. Nchi ya magharibi haijaacha kuzaa wachezaji. Mwenye kutaka ushahidi aende Kakamega High School au Musingu wakati wa michezo ya shule. Kinachonitia hofu ni ile desturi ya kuyaona majani ya shamba la jirani kuwa mabichi zaidi: tunamleta mshambulizi wa mbali kwa gharama kubwa, anakaa nusu msimu, anaondoka na kesi. Kama ningeulizwa, ningesema fedha kidogo tulizonazo ziwekwe nyuma, kwa golikipa na mabeki wawili wa kati, kisha wale vijana wa shule waachwe wakue mbele yao kwa miaka miwili bila kupigiwa mayowe. Timu isiyofungwa ovyo huokota pointi moja ugenini, na pointi moja moja za ugenini ndizo zinazokosekana wakati wa Mei.

Kuna jambo jingine la kuandika ingawa si la kupendeza. Viti vinavyovunjwa siku ya mashemeji hulipwa na mtu, na mtu huyo si yule aliyevivunja. Faini ya klabu hutoka katika mfuko ule ule wa mishahara. Kijana anayerusha jiwe kwa ajili ya kuipenda Ingwe anamrushia golikipa wetu mwenyewe.

Basi msimu mpya nauonaje? Polisi ni wazito, wala sidhani waliuchukua ubingwa ule kwa bahati. Mtu anayelipwa kwa wakati huzoea kushinda upesi. Gor watakuwa juu, maana hawajui kukaa chini kwa muda mrefu. Tusker hawana kelele, lakini ukigeuka unawakuta begani kwako, kama walivyofanya hata wakawa mabingwa msimu wa 2021/22. Ingwe naiweka ya nne, na ikiwa mishahara italipwa hadi mechi ya kumi na tano bila mgomo wa mazoezi, naipandisha mpaka ya pili. Wenzangu wa salamu ile watanikasirikia kwa hesabu hii, lakini waje na daftari lao.

Mlango ulio karibu zaidi nauona katika kombe la mtoano. Huko mechi ni chache, na timu yenye mfuko mwembamba yaweza kuhimili. Mwaka wa 2017 tuliwafunga Kariobangi Sharks katika fainali tukalibeba; mwaka wa 2021 tulifika fainali tena, tukatoka sare na Gor bila bao, tukashindwa kwa mikwaju ya penalti. Mshindi wa kombe hilo hupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Raundi zake za mwanzo huchezwa mara nyingi katika viwanja vidogo, na kiingilio huwa si kikubwa. Ikiwa timu itapangiwa Bukhungu, mtu wa Kakamega hahitaji hata nauli.