Risasi Mbili za Bastola Moja

Lugha yetu imeliita kwa jina moja, risasi, tonge linalotoka mtutuni na metali laini ya kijivu linaloundwa nayo. Kwa anayesafisha bastola nyumbani, hizo ni hatari mbili, na ya pili haina mlio.

Ya kwanza hutokana na utaratibu wa kazi. Mwenye bastola huchomoa magazini, akaamini silaha ni tupu. Sivyo: risasi moja yaweza kuwa imebaki chemba, na bastola nyingi hufyatuka hata bila magazini. Magazini itolewe kwanza, ndipo kifuniko cha juu kivutwe nyuma na kuzuiwa hapo. Anayegeuza utaratibu huo huitoa risasi iliyomo, na nyingine hupanda mahali pake. Chemba itazamwe, ipapaswe kwa ncha ya kidole, na risasi zote zihamishiwe chumba kingine. Ukaguzi huu hauepukiki kwa bastola kama Glock, ambayo haifunguliwi mpaka triga ivutwe. Hi-Point ya Marekani, maarufu kwa unafuu wake, hufunguliwa kwa kugonga pini itoke. Asiye na kitabu cha maelekezo ampelekee fundi mwenye leseni.

Hatari ya pili sisi watoa huduma huiulizia kwa nadra. Fataki iliyo kitakoni mwa risasi nyingi ina kampaundi za madini ya risasi, na masizi yanayofutwa mtutuni huyabeba hadi vidoleni, nguoni, na kwenye meza ya chakula ikiwa ndiyo iliyotumika. Mtu mzima huja akilalamikia tumbo, choo kigumu, uchovu na upungufu wa damu. Mtoto hudhurika ubongo pasipo dalili ya wazi, na kwa mjamzito madini hayo huvuka kondo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 huagiza chanzo kitafutwe damu inapofikia mikrogramu 5 kwa desilita.

Kazi hii, basi, ifanyike nje au penye madirisha wazi, kwa glavu, juu ya magazeti yatakayotupwa ndani ya mfuko uliofungwa, wala yasichomwe. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto.

Mafuta ya taa ya kusafishia yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, kwani yakiingia mapafuni huleta nimonia. Apelekwe kituoni mara moja, pamoja na chupa yenyewe.