MAFUTA YA KARAFUU NA UTAFUTAJI WA DAWA ZA SARATANI

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba wamesikia ya kwamba mafuta ya karafuu huua saratani. Kauli hiyo ina chimbuko katika maabara, lakini imepotoka njiani, na mgonjwa anayeifuata aweza kudhurika.

Mafuta hayo hupatikana kwa kukenekwa. Katika kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kilichopo Wawi, Pemba, makonyo hupitishiwa mvuke, mvuke ukapozwa, na mafuta yakajitenga na maji. Tofauti na mafuta ya nazi, haya huzama chini. Sehemu yake kubwa ni kiini kiitwacho yujeno, ndicho kitiacho ganzi jino linalouma.

Ili kuyapima, mtaalamu hukuza seli za saratani katika vyombo vidogo, akazitia mafuta kwa viwango mbalimbali. Baada ya siku moja hadi tatu huongeza rangi ya manjano, ambayo seli zilizo hai huigeuza kuwa ya zambarau. Isipogeuka, seli zimekufa. Yujeno ikizidi huua seli hizo, lakini huua pia seli nzima. Hapo ndipo penye fundo, kwani hata spiriti ikimiminwa katika chombo hicho itaua seli, wala hakuna aiitaye dawa ya saratani.

Kazi ya kutenganisha viini vya mimea si ngeni nchini. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichopo Mlimani, Wilaya ya Ubungo, wanakemia wamechunguza kwa miaka mingi mimea ya jamii ya mstafeli, ambayo mlangilangi ni mmoja wao. Kila kiini hutengwa na kutambuliwa kabla ya kupimwa, kisha hufuata wanyama, na mwisho wagonjwa wenyewe. Wengi wa viini huishia njiani. Vinka, ua la bustanini lenye asili ya Madagaska, lilitoa vinblastini mwaka 1958, nayo hutumika hospitalini hadi leo kwa sindano, si kwa kuchemsha majani. Nchini China, elemini itokanayo na mafuta ya mmea wa jamii ya manjano hutumika pamoja na tiba nyingine za saratani. Mafuta ya karafuu hayajafika huko.

Wananchi wanatahadharishwa wasinywe mafuta hayo kama tiba. Yakimezwa kwa wingi huharibu ini, na kwa mtoto hata kiasi kidogo ni hatari. Yujeno hupunguza pia uwezo wa damu kuganda. Kwa hiyo mgonjwa anayesubiri upasuaji, au aliyepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, amweleze daktari wake kila alichokunywa, ikiwa ni mafuta, mizizi au majani, bila ya kuona haya.