Je, Wajua? Mwanza Inavyoonekana Google

Je, wajua kwamba ukiiuliza Google swali, haiendi kuzunguka intaneti wakati huo huo? Inafungua faharasa yake, yaani kumbukumbu ya kurasa ambazo roboti zake zilishazipitia na kuzisoma. Ukurasa ambao roboti haijaufikia, kwa Google haupo. Na jambo ambalo hakuna aliyeliandika halipo kabisa, hata kama mtaa mzima wa Kirumba hapa Mwanza unalijua.

Je, wajua kwamba Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, wazo lao kuu waliliazima kwa wanazuoni? Makala ya kisayansi inayonukuliwa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito. Wao wakasema ukurasa unaopewa linki na kurasa nyingine, hasa zile zenye uzito, nao upandishwe juu. Mwanza ina mfano wake. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika mkoani humo, ulioonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Watafiti wa nchi nyingi wameunukuu tangu hapo, na jina la Mwanza limesafiri pamoja nao. Mmoja kaandika kitu cha maana, wengine wakaelekeza watu kwake.

Je, wajua kwamba wingi wa wafuasi wako haukupandishi Google? Mwaka 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka za mtandaoni, alieleza kwamba idadi ya wafuasi na laiki za Facebook na Twitter haiingii kwenye hesabu ya kupanga matokeo. Tena linki unazoweka kwenye posti za mitandao hiyo kwa kawaida hubandikwa alama, iliyobuniwa mwaka 2005, inayoiambia mitambo ya kutafuta isizihesabu kuwa kura. Tangu 2019 Google huichukulia alama hiyo kama dokezo, si amri, lakini asiyejua kwamba wafuasi hawahesabiwi bado anapoteza pesa kuwanunua.

Kuposti kuna faida gani basi? Kunapeleka watu. Chukua mchakataji wa dagaa pale Ilemela, mama anayeandika kwenye blogu yake namna anavyoanika dagaa juu ya vichanja badala ya kuwamwaga chini, na kwa nini dagaa wake hawana mchanga. Kipande cha makala hiyo akikiweka Facebook, miongoni mwa watakaosoma anaweza kuwamo mwandishi wa Star TV au wa Radio Free Africa, vyombo vilivyoota mizizi hapa hapa Mwanza, au mwanafunzi wa uandishi wa habari wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe anayetafuta mada. Huyo akiandika habari kwenye tovuti na kuweka linki ya kurudi kwa yule mama, hiyo ndiyo kura. Mimi ningeichukua linki hiyo moja na kuziacha laiki elfu.

Je, wajua kwamba mazungumzo ya kundi la WhatsApp hayasomwi na Google? Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa siri kati ya anayetuma na anayepokea, na stetasi hufutika baada ya saa 24. Hili linaniuma kwa dhati. Soko la Mwaloni, Kirumba, linapokea wanunuzi wa dagaa na samaki wakavu kutoka Kongo, Rwanda, Burundi na Kenya. Wauzaji wanajua gunia la dagaa wa jua linatofautianaje na la dagaa wa mvua. Wanajua kwa nini mzigo unapungua wakati wa mbalamwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, wavuvi wengi hupumzika. Ujuzi huo wote unarushwa kwenye makundi na stetasi, kesho yake umekwisha. Mnunuzi aliyeko Lubumbashi akiuliza Google kwa nini dagaa wamepanda bei wiki hii, jibu lake lipo kichwani mwa mtu wa Mwaloni ambaye hajawahi kuliandika mahali linapoweza kukaa. Aya 4 kwenye blogu ya bure zingetosha.

Je, wajua kwamba samaki yule yule ana majina tofauti kulizunguka ziwa, na kwamba hilo ni suala la biashara? Dagaa wa Mwanza, ukifika Kisumu ni omena. Ukivuka Uganda ni mukene. Sangara wetu kule kwa Wajaluo ni mbuta, Uganda mputa. Sato kwa Wajaluo ni ngege. Mtu hutafuta kwa neno alilolizoea mdomoni. Kwa hiyo muuzaji wa Mwanza anayetaka mteja wa Kisumu aandike wazi kwamba dagaa anaowauza ndio omena wanaoulizwa Kenya, mara moja au mbili, ndani ya sentensi inayosomeka. Asilijaze neno hilo mara 30. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hata ile orodha ya maneno inayofichwa kwenye msimbo wa ukurasa haiitumii kupanga matokeo, na kurudiarudia neno kwa makusudi kunaushusha ukurasa.

Je, wajua kwamba jina la faili la picha linasomwa pia? Piga picha ya Jiwe la Bismarck jioni, itume WhatsApp, halafu uipakie kwenye blogu yako. Itaingia ikiitwa kitu kama IMG-20250614-WA0012.jpg. Hapo hakuna Bismarck, hakuna Mwanza, hakuna ziwa. Ibadilishe iitwe jiwe-la-bismarck-mwanza.jpg, kisha kwenye nafasi ya maelezo ya picha andika kinachoonekana: mawe yaliyobebana ndani ya Ziwa Viktoria, karibu na kivuko cha Kamanga. Maelezo hayo humsaidia pia msomaji asiyeona, kwa maana programu ya simu yake humsomea kwa sauti. Kwa sababu hiyo pekee ningekusihi uyaandike, hata Google isingekuwapo.

Je, wajua kwamba kuanzia 10 Julai 2025 picha na video za akaunti za Instagram zilizo wazi na za kibiashara, za watu wazima, zinaweza kutokea kwenye matokeo ya Google? Maneno unayoandika chini ya picha sasa yana kazi ya pili. "Karibuni sana wapendwa" haimwambii anayetafuta kwamba unauza sato wa kuchoma Nyegezi.

Je, wajua kwamba blogu za Kiswahili zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani? Ndesanjo Macha alianza kuandika blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, akiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kublogu kwa Kiswahili, na mchango wake kwenye Wikipedia ya Kiswahili, iliyozaliwa mwaka 2003, ni mkubwa. Mwaka 2005 mpiga picha Muhidin Issa Michuzi akafungua blogu yake kwenye Blogspot, huduma ambayo Google iliinunua mwaka 2003. Watanzania walioko ughaibuni waliifungua kila siku wapate habari za nyumbani. Hata hivyo kurasa za Kiswahili hazifiki hata asilimia 1 ya kurasa zote za mtandaoni. Kwa anayeandika leo hiyo ni nafasi kubwa: ukiandika kwa Kiswahili namna ya kufika Ukerewe kutoka Mwanza, hushindani na kurasa milioni.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu Tanzania alipie leseni, na kwamba maombi, leseni na ada ya mwaka vilifika jumla ya shilingi milioni 2.1? Wapo walioacha kuandika. Kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, hivyo kabla ya kuanzisha ukurasa wa habari soma zinazotumika sasa kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Na Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini. Mfanyabiashara aliyekuwa ameweka kila kitu huko alipotezana na wateja wake kwa siku moja. Anwani yako mwenyewe yenye .co.tz inabaki yako kwa muda wote unaoilipia. Na je, wajua kwamba ipo pia .hotel.tz?

Je, wajua kwamba kunakili habari ya mwenzako na kuibandika kwenye blogu yako kwa kawaida hakukuletei adhabu, ila hakukuletei kitu? Google ikikuta maandishi yale yale kwenye kurasa 20, huchagua mmoja wa kuuonyesha, na mara nyingi si wako. Ongeza ulichokiona wewe.

Je, wajua kwamba filamu iliyopigwa Mwanza iliwahi kuteuliwa kugombea tuzo ya Oscar? Ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper kutoka Austria, iliyotoka mwaka 2004. Ilisimulia habari za sangara, viwanda vya minofu, ndege za mizigo na umaskini wa kando ya ziwa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na wapo wasomi wa nje waliohoji madai yake pia. Sijadili hapa nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba uhakiki wa filamu ile uliandikwa kwenye magazeti ya Ulaya na Marekani, kwenye tovuti za vyuo na za sinema, kila moja ikielekeza kwa nyingine, na maandishi hayo bado yapo. Hotuba ya jukwaani, hata iwe nzuri kiasi gani, haipati linki isipoandikwa. Wavuvi, wachakataji na wafanyakazi wa viwandani wa Mwanza wana maelezo yao kuhusu miaka ile ya sangara. Wengi wao wangali hai. Mwanafunzi mwenye simu na subira angeweza kuyarekodi mwaka huu, akayaandika kwa Kiswahili, akataja mwalo na mwaka.

Je, wajua kwamba mwaka 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo yake, kwa kosa la kutengeneza kurasa za kuihadaa roboti? Ikiwa kampuni kubwa kama ile haikuonewa haya, anayekuuzia linki 500 kwa shilingi 50,000 anakutafutia matatizo.

Je, wajua kwamba sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa, hufanyika kila mwaka karibu na sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni, ambapo vikundi vya Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma? Mwenye kutembeza wageni asisubiri Juni ndipo aandike. Roboti inahitaji muda wa kuufikia ukurasa, na msafiri hupanga safari mapema. Tena usifungue ukurasa mpya kila mwaka. Uboreshe ule ule, kwa sababu linki ulizokusanya miaka iliyopita ziko huko.

Je, wajua kwamba kuiweka biashara yako kwenye ramani ya Google ni bure, na kwamba Google yenyewe inasema matokeo ya jirani hupangwa kwa mambo matatu: unafanana kiasi gani na kinachotafutwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani? Umbali huwezi kuubadili. Jina, simu na anwani unaweza. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi za Mabatini, Nyakato na Igoma zina namba na mitaa ina majina. Tumia anwani hiyo hiyo kwenye ramani, Facebook, Instagram na blogu, bila kubadili hata herufi. Na ujibu maoni ya wateja, hasa yale makali.

Je, wajua kwamba kwa maelezo ya Google yenyewe, takriban asilimia 15 ya maswali inayoulizwa kila siku hayajawahi kuulizwa kabla? Mengine huzaliwa mambo yanapobadilika. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa rasmi. Kila ukurasa wa zamani unaomwambia msafiri wa Sengerema au Geita ajipange kusubiri kivuko cha Busisi sasa unampotosha. Kama una nyumba ya wageni Sengerema na maelezo ya njia kwenye tovuti yako ni ya mwaka 2023, yabadilishe leo jioni, kisha weka linki yake Facebook.